SOMO: Kuunganisha Daftari la Wanachama na Ramani

Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 yataka kahawa iingiayo katika soko lake itambulishwe pamoja na shamba ilikolimwa, na isitoke katika ardhi iliyofyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Kwa shamba lisilozidi hekta 4 nukta moja ya latitudo na longitudo yatosha. Likizidi hapo, mipaka yake yote huchorwa. Hivyo daftari la chama halina budi kusomana na ramani.

1. Majedwali ya chama
Daftari la kompyuta huwa na jedwali la wanachama na jedwali la mashamba. Majedwali hayo huunganishwa kwa namba ya mwanachama. Lakini mkulima wa Kilimanjaro aweza kuwa na kihamba mlimani na shamba jingine tambarare. Kwa hiyo kila shamba lipewe namba yake na nukta yake.

2. Ramani ya nje
Ramani ya misitu haina namba ya mwanachama. Huunganishwa na daftari kwa mahali: kompyuta huuliza nukta ya shamba imeangukia ndani ya eneo gani. Programu za PostgreSQL na PostGIS, zipatikanazo bila malipo, hufanya kazi hiyo. Ziko njia mbili:
(a) Kunakili ramani katika kompyuta ya chama. Kazi huendelea hata mtandao ukikatika, lakini nakala huchakaa. Tarehe yake iandikwe.
(b) Kuisoma ramani ikiwa kwa mwenyewe. Marekebisho huonekana mapema, lakini mtandao ukikatika kazi husimama.

3. Makosa ya kuepukwa
Kosa la kwanza ni kugeuza mpangilio. PostGIS hutaka longitudo kwanza, kisha latitudo. Shamba la Moshi, longitudo 37.3 na latitudo -3.3, likigeuzwa huonekana kusini mwa Hispania. Kosa hili hutambulika upesi.

Kosa la pili hujificha. Ramani nyingi za zamani za Tanzania na Kenya zilichorwa kwa kipimo cha Arc 1960, ilhali simu na vyombo vya setilaiti hutumia WGS 84. Vipimo hivyo visipolinganishwa, nukta husogea kiasi cha mita 300. Mkulima aliye karibu na mpaka wa hifadhi aweza kuonekana amelima msituni, na kahawa yake ikakataliwa bila kosa lake.

Kwa hiyo, kabla ya kupeleka orodha, Katibu achague mashamba machache yaliyo karibu na mpaka, ayakague pamoja na wenyewe, kisha alinganishe na ramani.

Maswali ya kujadiliwa
1. Kwa nini namba ya mwanachama pekee haitoshi kutambulisha shamba?
2. Ramani itumiwayo na chama ni ya kipimo gani, na ya tarehe gani?
3. Mwanachama atapewaje nafasi ya kuiona nukta yake kabla haijapelekwa?