Tafakuri ya wiki darasani

Swali: Mwalimu mwanafunzi aliye kwenye mazoezi ya kufundisha Kilwa Masoko aandike nini katika tafakuri ya wiki?

Jibu: Tafakuri hujengwa kutokana na maandalio ya somo, si kumbukumbu za Ijumaa jioni. Mwishoni mwa andalio kuna nafasi ya tathmini na maoni. Humo huandikwa wanafunzi walielewa nini na walikwama wapi. “Somo limeeleweka”, maneno yapendwayo mno, hayamsaidii yeyote. Katika historia, kwa mfano, wanafunzi huenda wanayajua magofu ya Husuni Kubwa, jumba la karne ya 14 huko Kilwa Kisiwani, lakini hawayahusishi na biashara ya dhahabu ya Sofala. Pengo hilo ndilo la kuandikwa, pamoja na namna kipindi kijacho kitakavyoliziba.