Fremu ya baiskeli ya mkaa: sentimita 10 zina kazi

Unataka fundi wa Visiga akuchomelee fremu ya kubebea mkaa? Piga hesabu kwanza, ni ile mizani ya sekondari. Tuseme gunia la kilo 60 limekaa sentimita 20 nyuma ya ekseli ya nyuma, na ekseli zimeachana sentimita 110. Gurudumu la mbele linapunguziwa 60 × 20 ÷ 110, karibu kilo 11. Ukipanda kilima, usukani unaelea, na malori ya Barabara ya Morogoro yako ubavuni.

Mwambie arefushe nyuma sentimita 10, gunia libaki palepale: 60 × 10 ÷ 120, kilo 5 tu. (Wale wa mchezo wa kuruka vizuizi hutaka kinyume, nyuma fupi, ili mbele inyanyuke kirahisi.) Kona zitakuwa pana, na cheni itadai pingili 16 zaidi. Mimi nachukua ndefu.