Mashavu ya Mtoto na Kadi ya Kliniki

Bibi akija mjini humnyanyua mjukuu, humpima uzito kwa mikono yake, kisha hucheka: "Kanawiri huyu!" Kwa aliyewaona watoto wakidhoofu kwa utapiamlo, mashavu yaliyojaa ni faraja, na ndiyo sababu unene uliopita kiasi hutupita machoni.

Kinachoamua ni vipimo. Kwa mtoto wa chini ya miaka 5, nesi hulinganisha uzito na urefu. Kwa mkubwa zaidi, huangalia pia umri. Wazazi wengi huacha kliniki chanjo zikiisha, kadi ikabaki kabatini. Itoeni. Mrefu mwenye kilo nyingi huenda yuko sawa kabisa, na aliyedumaa anaweza kuwa mnene vilevile.

Watu husema unene huo ni ulafi. Si haki. Kurithi kumo, na mtoto ambaye mama yake alikuwa na kisukari wakati wa ujauzito yuko katika hatari zaidi. Lakini mtazameni mtoto wa Dar es Salaam anayefuatwa na basi la shule saa 11 alfajiri. Hajalala vya kutosha, na mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12. Usingizi ukipungua, njaa huzidi. Mkononi ana hela ya chipsi na soda. Chupa moja ya mililita 350 hubeba karibu vijiko 9 vya chai vya sukari, na juisi ya boksi mara nyingi haipishani nayo sana. Jioni, uwanja wa kombolela na rede umeshajengwa fremu za maduka, basi anabaki na katuni. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku, atazipatia wapi?

Msimnyime chakula, bado anakua. Badilisheni sahani ya nyumba nzima: maharage, mboga, tunda, maji badala ya soda. Mara nyingi inatosha uzito usipande haraka huku kimo kikiongezeka. Zimeni televisheni wakati wa kula, mlazeni mapema, tembeeni naye hadi sokoni. Na jina la "kibonge" likome, hata kwa utani. Linamuumiza, na mwenye kuumia huishia kula kwa kujificha.

Akikoroma sana usiku, akichoka upesi, au ngozi ya shingo ikiwa nyeusi na nene, mpelekeni hospitali wiki hiyohiyo.