Uliza Udongo Kwanza, Ndipo Uchague Mbegu



Somo la leo ni la wadogo zetu wa kidato cha kwanza na cha pili, na letu sisi kaka na dada zao tunaopenda kuwauliza, "Ukimaliza shule unataka kuwa nani?" Tutafuata njia ambayo wana-TYCS mnaijua: Ona, Amua, Tenda. Tuliachiwa na Kardinali Joseph Cardijn wa Ubelgiji, aliyetumikia vijana wafanyakazi, na Papa Yohane XXIII akaipendekeza kwa Kanisa zima mwaka 1961.

ONA

Niko Kibaigwa kwa mwaka wangu wa kichungaji. Jumapili moja baada ya Misa nilikaa na wanafunzi kama ishirini, nikawauliza swali lile lile. Majibu yakaja haraka: daktari, rubani, mwanasheria, mwanajeshi, daktari tena. Mmoja akasema padre, nadhani kwa sababu nilikuwa nimesimama mbele yake. Kisha binti mmoja wa kidato cha pili akasema, "Mimi sijui, Frateri. Nyumbani wameshasema nikifeli mtihani wa mwaka huu, basi, naolewa." Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka.

Nikamjibu palepale. Nikamwambia Mungu ana mpango na kila mmoja wetu, kwa hiyo asali na asome kwa bidii. Yote ni kweli. Lakini usiku ule usingizi uligoma. Jamani, nimesoma falsafa miaka mitatu, nimeandika kurasa na kurasa juu ya Socrates, mtu aliyesifika kwa kuuliza maswali, halafu nampa mtoto jibu bila kumwuliza hata swali moja! Sikujua anapenda nini, anaweza nini, wala nyumbani kwao nani anamsikiliza.

Wilaya yetu ya Kongwa inajua vizuri kosa la namna hiyo. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Serikali yake ikapanga kulima karanga kwenye ekari zaidi ya milioni 3 katika Tanganyika na nchi nyingine za jirani. Wataalamu walizunguka kwa wiki chache tu, sehemu kubwa wakiwa ndani ya ndege. Mwaka 1947 matrekta yakaanza kung'oa vichaka hapa Kongwa. Udongo wa mfinyanzi ukikauka ulikuwa mgumu kama tofali, na mvua ikawa haba, jambo ambalo Mgogo yeyote angewaambia kama wangemwuliza. Mwaka 1951 mradi ukafungwa, pauni milioni nyingi zimeshateketea.

Lakini habari haikuishia hapo. Sehemu ya ardhi ile leo ni Ranchi ya Kongwa, ya ng'ombe. Yaani ardhi haikuwa mbovu. Ilipewa mbegu isiyo yake, na watu hawakuiuliza.

AMUA

Katika Lk 14:28-30 Bwana wetu anatuonyesha mtu anayetaka kujenga mnara: kwanza anakaa chini, anapiga hesabu. Kwa hiyo kupanga maisha si kukosa imani. Ni utii.

Katika Mt 25:14-30 bwana anagawa talanta tano, mbili na moja, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake. Angalia jambo ambalo wengi tunalipita: yule wa mbili anasifiwa kwa maneno yale yale aliyosifiwa yule wa tano. Hakuulizwa kwa nini hakuleta kumi. Anayelaumiwa ni yule aliyeogopa akafukia.

Na usidhani Mungu anaita watu wa ofisini tu. Yesu alijulikana kijijini kwao kama seremala (Mk 6:3). Mtume Paulo alishona mahema (Mdo 18:3). Lidia aliuza vitambaa (Mdo 16:14). Mwaka 1955 Papa Pio XII aliweka Mei Mosi kuwa sikukuu ya Mt. Yosefu Mfanyakazi. Kazi ya halali inayofanywa vizuri ni njia ya utakatifu.

TENDA

1. Jiulize. Kwa wiki mbili andika kwenye daftari: kazi gani nikiifanya sioni muda ukipita? Watu huniomba msaada wa nini? Ni nini kinanichosha hata nikikifanya vizuri?

2. Uliza wengine. Sisi tulikwenda soko la nafaka. Nilidhani wanafunzi wataona wanunuzi na wapagazi basi. Wakarudi na orodha ndefu: wapima mizani, madalali, madereva, mafundi wa mashine za kukoboa, wachomeleaji, mama lishe, mawakala wa pesa, maofisa kilimo, wahasibu. Muulize kila mtu mambo matatu: ulianzaje, ulijifunza wapi, na siku mbaya ya kazi yako ikoje? Hilo la tatu usiliruke.

3. Chora njia mbili. Ukifaulu, utapita wapi? Usipofaulu, utapita wapi? Tangu 2024 mtaala mpya wa sekondari una mkondo wa jumla na mkondo wa amali, na vyuo vya VETA vipo. Njia ya pili si aibu, ni akiba.

4. Tafuta mtu mzima mmoja wa kukusemea: mwalimu, mlezi wa TYCS, katekista, shangazi. Na mjue hili: kumwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari ni kosa la jinai. Tangu sheria irekebishwe mwaka 2016, mhusika anaweza kufungwa miaka 30. Ukitishiwa, usinyamaze.

Yule binti nilimtafuta tena, safari hii nikauliza. Kumbe jioni humsaidia mama yake mdogo kuuza chakula karibu na soko, na ndiye anayeshika daftari la madeni. "Frateri, halijawahi kukosea," akasema, na kwa mara ya kwanza nikamwona anatabasamu. Baba Paroko na mwalimu wake wa hesabu walikwenda nyumbani kwao. Baba yake amekubali kwamba akifeli atakariri darasa. Kuhusu chuo cha uhasibu bado anasema, "tutaona." Hapo ndipo tulipofika. Tumwombee.

MASWALI YA KUJADILI

- Ni nani amekuchagulia mbegu bila kuuliza udongo wako?
- Talanta gani umeifukia kwa sababu ya woga?
- Wiki hii utamwuliza nani juu ya kazi yake?

Tusali: Ee Mt. Yosefu, uliyemfundisha Yesu kazi kwa mikono yako, utuombee tujue tulichopewa, na tusikifukie. Amina.