Somo la Kikundi: Nani Hana Kazi?

Someni kwanza: Mathayo 20:1-16
Leteni: maharagwe, kalamu na daftari ya kikundi
Muda: mkutano mmoja mrefu, au miwili



Katika kikundi kimoja tulichotembelea, mama mmoja alisimama akaomba mkopo wa shilingi 40,000 kutoka mfuko wa kikundi. Alipoulizwa ni wa nini, akasema ni wa kumtafutia kijana wake kazi. Kuna mtu amejitokeza ambaye anajuana na wakubwa. Anaweza kumwingiza kijana mahali, lakini anataka kitu mkononi kwanza.

Akina mama wakatazamana. Mmoja akauliza, "Kwani kijana hana kazi? Si ndiye hutuzibia pancha pale sokoni?"

Mama akajibu, "Hiyo si kazi, hiyo ni kushinda tu. Kidato cha nne alimaliza miaka mitatu iliyopita na bado yuko nyumbani."

Basi ubishi ukaanza, na mkutano ukafungwa bila uamuzi. Ombi likawekwa hadi mwezi uliofuata. Sisi tulirudi na swali hilo: kijana huyu ana kazi au hana? Vikundi vingi vina ombi kama hili, ndiyo sababu tumeliandikia somo.

Serikali huhesabu vipi?

Wengi wenu mmesikia kwenye redio kwamba wasio na kazi nchini ni watu 5 tu kwa kila 100, mkashangaa. Kijijini kwenu peke yake mnaweza kutaja ishirini kabla chai haijapoa! Lakini redio haikusema uongo. Tatizo ni maana ya neno.

Rudini kwenye Mathayo. Mwenye shamba alitoka saa kumi na moja jioni akawakuta watu wamesimama sokoni. Hawakuwa wavivu. Walimwambia hakuna aliyewaajiri. Akawachukua, wakafanya kazi saa moja tu. Sasa sikilizeni: kama karani wa Shirika la Taifa la Takwimu (KNBS) angewauliza watu wale wiki hiyo, angewaandika kuwa wana kazi. Kipimo kinachotumika, hapa na nchi nyingi duniani, ni hiki: ukifanya kazi ya kipato hata saa moja katika siku saba zilizopita, wewe unahesabiwa kuwa kazini.

Na tuseme mwingine alisimama sokoni asubuhi na kesho yake, mwishowe akachoka akaenda nyumbani kulala, asitafute tena. Huyo naye hahesabiwi kuwa hana kazi! Kuhesabiwa, ni lazima uwe huna kazi kabisa, uwe umetafuta katika wiki nne zilizopita, na uwe tayari kuanza ukiitwa. Aliyekata tamaa huwekwa katika hesabu nyingine, ambayo haitangazwi sana.

Kwa hivyo yule kijana wa pancha ana kazi kwa kitabu cha serikali. Kwa mama yake hana. Mama anauliza jambo jingine kabisa: kazi hii itamlisha na kumwoza lini?

Tazameni jinsi hesabu ilivyokwenda. Uchunguzi wa 1998/99 ulipata wasio na kazi 14.6 kwa kila 100 kati ya walio kazini au wanaotafuta. Ule wa 2005/06 ulipata 12.7, na wa 2015/16 ukapata 7.4. (Maswali hayakuwa sawasawa kila mara, kwa hivyo msilinganishe kama mnavyolinganisha mifuko ya mahindi kwenye mizani moja.) Mwanzoni mwa 2020 ilikuwa 5.2, kisha korona ikaja, soko zikafungwa, na kati ya Aprili na Juni ikaruka hadi 10.4. Kabla mwaka kwisha ilikuwa imeshuka tena karibu na 5. Je, wote waliofutwa walirudishwa kazini? Hapana. Maskini hawezi kukaa bila kazi miezi sita, kwa maana hakuna wa kumlisha. Huanza kuuza mandazi au ndizi, naye akaandikwa kuwa kazini.

Zoezi la maharagwe

Hesabu ya pili hutolewa karibu kila Mei, nayo huitwa ripoti ya hali ya uchumi. Ile ya 2025 ilisema kwamba mwaka 2024 nchi ilipata kazi mpya 782,300. Ni nyingi, lakini 703,700 kati ya hizo zilikuwa za jua kali. Zilizobaki, kama 78,600, ndizo zile ambazo wazazi huita kazi: zenye barua, mshahara wa mwezi na malipo ya uzeeni. Mwaka wa 2023 ulikuwa vivyo hivyo: kazi mpya 848,200, na 720,900 za jua kali.

Mwaka huo wa 2024 watahiniwa wa kidato cha nne walikuwa zaidi ya 960,000. Wekeni maharagwe 12 mezani. Hao ndio watoto waliofanya mtihani. Sasa toeni moja. Hilo ndilo linalolingana na zile kazi mpya za barua. Ni kweli kuna nafasi za wanaostaafu ambazo hazimo katika hesabu hii, lakini pia lile haragwe moja linagombewa na waliomaliza mwaka juzi na mwaka wa juma lile, pamoja na wenye digrii. Acheni watu wayatazame maharagwe kimya kidogo kabla ya kuongea.

Jambo jingine ambalo tusilipite. Hesabu hii ya kazi haiwahesabu wakulima wadogo wala wafugaji. Wewe mama uliyepalilia tangu alfajiri, ukakamua, ukauza maziwa chupa mbili, humo katika zile milioni 20.8.

Haikuanza leo. Mwaka 1964 serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walikubaliana kuongeza nafasi za kazi. Habari zilipofika mashambani, watu wengi zaidi walipanda basi kwenda mjini, na wanaotafuta wakazidi nafasi. Mwaka 1972 wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani walikuja Kenya, wakaandika kwamba mafundi na wachuuzi wa mitaani hawakai bure, wanazalisha, ila serikali haiwaoni. Miaka ya 1990 tunaikumbuka wenyewe: wafanyakazi wa serikali walistaafishwa mapema, mitumba ikajaa sokoni, viwanda vya nguo vikafungwa mlango. Kazi ya barua ilipopungua, jua kali ndiyo iliyobeba mzigo, na inaubeba mpaka leo.

Turudi kwa zile 40,000

Kwanza, fedha ya "kumwingiza mtu mahali" ni hongo. Sheria ya Hongo ya 2016 inamshika anayetoa na anayepokea pia. Kikundi kikikopesha kikijua, kimejiweka pabaya. Kama ni wakala wa kazi, hasa za nje ya nchi, ulizeni kama ameandikishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Asiyeandikishwa mwacheni aende zake. Tumeona ng'ombe wakiuzwa na simu ya wakala ikazimwa siku ya pili.

Pili, kaeni na kijana mwenyewe. Mama aliongea sana siku ile, lakini yeye hakuwepo. Kwa wiki moja aandike kila shilingi anayopata na kila anayotumia kwa gundi na vipuri. Pengine anapata zaidi ya kibarua wa mjini, pengine ni njaa tupu. Hakuna ajuaye, kwa maana hakuna aliyeandika. Aulizwe pia kama anaomba pampu na spana, au kama anataka kurekebisha pikipiki, ambazo siku hizi ni nyingi. Fundi aliyejifunza kwa mikono tu, bila chuo, anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA akapata cheti.

Maswali ya kuongea pamoja

1. Kila mmoja ataje watu wa nyumbani mwake wenye miaka 15 na zaidi. Wangapi wana kazi kwa kipimo cha saa moja? Wangapi wana kazi ya kuwalisha? Andikeni hesabu zote mbili katika daftari.

2. Nani kijijini amechoka kutafuta? Mara ya mwisho mlimtembelea lini?

3. Kati ya mikopo ya mwaka jana, ni mingapi ilikwenda kutafuta kazi, na mingapi ilikwenda kuikuza kazi iliyopo? Ipi ilirudishwa?

4. Kama ombi la yule mama lingeletwa kwenu leo, na kijana ameketi hapo mbele yenu, mngemwambia nini?