Mama Mjamzito Apimwe VVU Zaidi ya Mara Moja

Mama mjamzito anapofika kliniki kwa mara ya kwanza, muuguzi humtoboa kidole na kuchukua damu kidogo. Kwa damu hiyo hupimwa VVU na kaswende, na majibu hutoka siku hiyo hiyo. Wengi wakiambiwa hawana virusi huona jambo limekwisha. Bado.

Kipimo hicho hakitafuti virusi vyenyewe. Hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwaunda baada ya virusi kuingia, nao huweza kuchukua wiki kadhaa, hata miezi 3, kabla ya kuonekana. Tena, mama aliyepimwa akiwa na mimba ya miezi 3 angali na miezi 6 mbele yake, na pengine miaka 2 ya kunyonyesha. Akiambukizwa katika kipindi hicho, hatari kwa mtoto ni kubwa mno, kwa sababu wiki za mwanzo za maambukizi ndizo virusi huzaana kwa wingi katika damu. Na kijitabu chake cha kliniki bado kinaonyesha kwamba hana.

Kwa hiyo kipimo hurudiwa katika miezi 3 ya mwisho ya mimba. Asiyepimwa wakati huo hupimwa anapokwenda kujifungua. Kisha hupimwa anapomleta mtoto kwa chanjo ya wiki 6, na huendelea kupimwa maadamu ananyonyesha.

Akipatikana na virusi, huanzishiwa dawa za ARV bila kusubiri, na katika vituo vya serikali dawa hizo hazilipiwi. Bila matibabu, kati ya watoto 15 na 45 katika kila 100 wanaozaliwa na mama wenye VVU huambukizwa. Mama akimeza dawa ipasavyo, idadi hiyo hushuka chini ya 5. Mtoto naye hupewa dawa ya kinga tangu kuzaliwa, hupimwa mapema, na majibu ya mwisho husubiriwa hata baada ya kutimiza miezi 18, kwani kingamwili za mama hukaa muda mrefu katika damu yake.

Mama huyo hanyimwi kunyonyesha. Hutakiwa kumpa mtoto maziwa yake pekee kwa miezi 6 huku akiendelea na dawa. Yale maji ya vuguvugu na uji mwepesi wa nyanya yangoje.

Baba naye apimwe. Majibu ya mke si majibu ya mume: wako wanandoa wengi ambao mmoja ana virusi na mwenzake hana. Mwanamume anayeona haya kupanga foleni kliniki anaweza kujipima nyumbani kwa kifaa cha kupangusa ufizi, ingawa kikionyesha ana virusi lazima afike kituoni kuthibitishiwa.

Sheria ya VVU na Ukimwi ya mwaka 2006 inakataza kumlazimisha mtu kupimwa, na inalinda siri ya majibu yake. Anayehudhuria kliniki amuulize muuguzi tarehe ya kipimo kijacho, iandikwe kijitabuni.