Taazia ya Askari Aliyejiua

Hadi Julai 2011 marais wa Marekani hawakuwa wakiwaandikia barua ya taazia jamaa za askari waliojiua wakiwa vitani. Obama ndiye aliyeiondoa ada hiyo. Nasi tunao ndugu wasiokwenda kuhani katika msiba wa namna hii, wakidhani ndiyo dini! Kujiua ni dhambi kubwa, hatubishi. Lakini kwa madhehebu yetu ya Shafii maiti huyo huoshwa na husaliwa. Sahibu yake Tufayl bin Amr alizidiwa na maradhi, akajikata vidole, akafa. Tufayl akamuota yu katika hali njema ila mikono imefunikwa, akamweleza Mtume (S.A.W.), naye akaiombea mikono ile maghufira. Basi askari aliyefiwa hivyo na mwenziwe hujilaumu: laiti ningalijua! Mwendeeni, mkae naye, wala msimuulize marehemu alijiuaje.